Ukurasa wa Kunduchi: manila na mkasi, au simu na printa?

Januari ya Kigoma ina dalili zake. Mvua bado ipo, ada zinadaiwa, na watoto waliopelekwa Dar kwa likizo wameshuka stesheni na simulizi za kuserereka. Simu ya mama imejaa picha za Kunduchi Wet 'n' Wild, ile bustani ya michezo ya maji iliyo ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam, na nusu ya picha hizo ni pozi lile lile limerudiwa. Baada ya muda simu inalalamika kuwa nafasi imejaa, mtu anaanza kufuta. Siku ikidondoka majini pale Kibirizi wakati wa kupanda boti, basi, safari nzima imekwenda nayo.

Ukurasa wa kumbukumbu unaondoa wasiwasi huo: karatasi moja yenye picha chache, tiketi, mchoro na maneno ya mwenye safari, inayowekwa kwenye faili au kitabu pamoja na nyingine zitakazofuata. Njia za kuutengeneza ni mbili. Unakata na kubandika kwa mkono, au unaupanga kwenye simu na kwenda kuuchapisha steshenari. Nautaja msimamo wangu mapema ili usome ukijua ninakoegemea: ukurasa wa mtoto kuweka miaka mingi, ufanye kwa mkono, wa kugawia ndugu, ufanye kwa simu. Ukitaka vyote viwili, anza na mkono. Ukurasa wa manila unaweza kuupiga picha ukaupata kwenye simu, lakini wa simu hautakupa kamwe kipande cha tiketi chenye alama ya vidole vya mafuta ya chipsi.

Tukio kwanza, karatasi baadaye

Kinachoharibu kurasa nyingi ni tamaa ya kubeba safari nzima. Stesheni, dirisha la treni, Tabora usiku, kivuko cha Kigamboni, Kariakoo, bahari, bustani ya michezo: vyote vinabanwa kwenye karatasi moja na hakuna kinachoonekana.

Mwulize mtoto: ukikutana na rafiki yako wa Gungu, ukaambiwa usimulie jambo moja tu, utasimulia lipi? Hatakujibu "tulipiga picha getini". Mpwa wangu alisema ni ule mserereko mrefu, na kwamba alifika juu akageuka, akashuka kwa ngazi huku watu wakimpisha, kisha akapanda tena. Halafu akanikodolea macho.

"Shangazi, mbona picha ya hapo haipo?"

"Itakuwepo vipi, mwanangu, na simu mama yako kaiviringisha kwenye mfuko ndani ya begi?"

Hapo ndipo bustani ya maji inapotofautiana na safari nyingine. Gombe utapiga picha sokwe na wewe mwenyewe. Ujiji utapiga kwenye mnara wa Livingstone. Penye maji simu inafichwa, na ile dakika yenyewe haina picha. Bustani kubwa za Marekani kama Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955, zina michezo yenye kamera iliyofungwa pale pale penye mteremko. Inakunasa umeachama, kisha unauziwa picha yako mlangoni. Sisi tunarudi na picha za kabla na picha za baada. Kabla: nywele kavu, viatu safi, watu wamejipanga kwa urefu. Baada: macho mekundu, taulo begani, mtu anagombania soda.

Hilo msilihesabu kuwa pengo, ndio mpango wenyewe wa ukurasa. Picha ya kabla iweke juu kushoto, ya baada chini kulia, na katikati mwache mtoto achore mserereko wake kwa mkono, ushuke ukijipinda kutoka picha moja hadi nyingine. Maneno yake yafuate mstari wa mchoro. Jicho la msomaji litaserereka lenyewe. Sijaona mpangilio wa kununua unaoushinda huu, na utaona hapa chini kwamba chaguo zangu nyingi zinatokana nao.

Mkono na simu, uso kwa uso

Simu ina mambo yake mazuri na siyadharau. Programu kama Canva unaitumia bure kwa mambo ya msingi, unachagua ukubwa wa A4, unavuta picha ndani, unaisogeza, hupendi unarudisha. Hakuna kilichokatwa kikaharibika. Ukimaliza, nakala ya Kigoma na ya mjomba wa Tabora ni ile ile, na umeme ukiwepo kazi inaisha jioni moja.

Tabu yake inaanzia kwenye mipangilio iliyokwisha kutengenezwa. Ni ya watu wengine. Inakuja na maputo, herufi za mapambo na maneno ya Kiingereza kuhusu siku bora kuliko zote, na mvivu anaacha kama yalivyo. Matokeo yake ukurasa wa mtoto wa Mwanga, Kigoma, unafanana na wa mtoto wa kokote. Kama unatumia simu, anza na ukurasa mweupe. Mchoro wa mserereko bado unawezekana: auchore kwenye karatasi nyeupe kwa maka peni nyeusi, upige picha mchana dirishani bila flashi, uuingize.

Tabu ya pili ni ubora wa picha, na hapa wengi wanaumbuka steshenari. Kipimo kinachotumika kwa uchapaji mzuri ni pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, na picha ya kujaza A4 nzima inahitaji kama 2,480 kwa 3,508. Simu nyingi za sasa zinazifikisha bila shida. Lakini picha ikishapita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa. Kwenye kioo inang'aa, kwenye karatasi kubwa uso unakuwa wa ukungu. Mwambie aliyekuwa na simu akutumie kama dokumenti, si kama picha, ndipo inakuja na uzito wake wote. Ukiwa na ile iliyobanwa tu, itumie ndogo, usiitanue.

Ya tatu ni ndogo lakini inaudhi: printa nyingi za ofisini hazichapi hadi ukingoni. Acha sentimita moja tupu pande zote nne, la sivyo kisigino cha mtoto kitabaki ndani ya printa. Kazi yako ihifadhi kama PDF kabla ya kuipeleka, maana ukiipeleka kama picha mhudumu ataitanua ili ienee na watu wote watanenepa.

Mkono nao una gharama zake. Nakala ni moja. Makosa ya mkasi hayarudi. Ukurasa unanenepa, na kurasa zikifika kumi kitabu hakifungiki. Lakini manila inafanyika hata umeme ukikatika, mtoto anashika kazi mwenyewe badala ya kukuangalia ukibofya, na inapokea vitu ambavyo simu haivipokei: ile kanda ya mkononi waliyofungwa getini, tiketi, kipande cha mfuko wa bisi. Vitu hivyo ndivyo watoto wanavyovigusa kwanza wakifungua kitabu. Picha wanazitazama baadaye.

Picha: studio au steshenari

Wapo wanaosema picha ni picha. Sivyo. Picha iliyosafishwa studio kwenye karatasi yake maalumu na ile iliyochapwa na printa ya wino kwenye karatasi ya kawaida zina maisha tofauti, hasa mji kama wetu ulio kando ya ziwa, ambako mvua inaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei.

Kipime kitu hiki mwenyewe. Chukua chapa ya majaribio, dondoshea tone moja la maji pembeni, subiri kidogo, ufute kwa kidole. Wino wa printa nyingi za wino ukiwa kwenye karatasi ya kawaida utatambaa na kuacha doa la zambarau au bluu. Kwenye picha ya studio tone litafutika na picha kubaki ilivyo. Chapa ya printa ya leza haitambai, kwa sababu rangi yake ni unga ulioyeyushwa kwa joto, ila nyuso zinatoka na rangi iliyofifia na ngozi nyeusi inapoteza uhai. Tena ule unga hunata kwenye plastiki laini ikikaa nayo muda mrefu.

Kwa hiyo: picha mbili kuu, yaani ya kabla na ya baada, zisafishwe studio. Vipande vidogo vya pembeni, kama ramani au bango la bei ulilolipiga picha, vichapwe kwa leza steshenari. Nyuma ya kila picha andika majina, mahali na mwezi kwa penseli laini, bila kukandamiza. Penseli haififii wala haivuji. Kalamu ya wino inaweza kutokeza upande wa pili kama mkono wako ni mzito.

Ukubwa nao ufikirie mapema. A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Picha nne za inchi 4 kwa 6 zinaifunika karibu yote na kuzidi milimita kadhaa juu na chini, hapabaki pa kuandika hata jina. Picha mbili za ukubwa huo zilizolala, moja juu ya nyingine, zinakuachia kama sentimita 9 za urefu. Kwa mpangilio wangu wa mserereko, picha mbili hizo ni nyingi kidogo; mwombe wa studio akusafishie moja ya inchi 4 kwa 6 na nyingine nusu yake. Wamarekani wanaofanya kazi hii kama burudani hupenda karatasi za mraba za inchi 12 kwa 12. Usihangaike kuzitafuta. Mifuko ya plastiki na mafaili unayoyapata hapa ni ya A4, na karatasi isiyo na pa kuhifadhiwa haimalizi mwaka.

Kubandika: hapa usiharakishe

Kama kuna sehemu moja ya kutumia muda, ni hii. Mwaka 1873 mwandishi wa Marekani Mark Twain alipata hataza ya kitabu chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari, unailowesha tu na kubandika. Ukitaka kujua ni tatizo la zamani kiasi gani, ndilo hilo.

Selotepu ya kawaida ni rahisi na iko kila duka. Iache. Kadiri miaka inavyokwenda inageuka njano, gundi yake inaingia kwenye karatasi, plastiki inabanduka na kuacha mstari wa kahawia ambao hautoki. Gundi ya maji, ile nyeupe ya chupa, inashika vizuri manila na kitenge, ila ina maji mengi. Ukiipaka nyingi nyuma ya picha, karatasi inajikunja na kuota mawimbi. Gundi ya kijiti haina maji mengi, inafaa watoto na vipande vyepesi, lakini pembe zake huanza kuinuka kiangazi kikikausha hewa. Selotepu ya pande mbili inashika sana, hata kupita kiasi: ukikosea, picha inachanika.

Halafu kuna uji wa muhogo. Hapa Kigoma unga hauwezi kukosekana nyumbani, na watoto wamekuwa wakibandikia daftari tangu enzi. Wataalamu wa kuhifadhi nyaraka kwenye maktaba kubwa duniani nao wanatumia gundi ya wanga, ya ngano hasa, kwa sababu ukiilowesha inaachia na karatasi inabaki salama. Tofauti ni kwamba wao hukaa kwenye vyumba vikavu visivyo na mende. Ya kwetu, ikikaa masika moja kwenye kabati la jikoni, inaota ukungu na kualika wageni wenye miguu sita. Itumie kwa bango la shule, si kwa kitabu cha kuweka.

Na zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunika juu? Zilipendwa sana, nyumba nyingi zinazo za harusi. Unanyanyua plastiki, unaweka picha, unashusha. Ni haraka kuliko njia zote. Shida ni ile gundi ya mistari: inakauka, inakuwa njano, na siku ukitaka kutoa picha haitoki. Ukikwama nayo, usivute. Pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama unakata sabuni ya mche.

Ninachokipendelea ni kona za karatasi, maana gundi haigusi picha kabisa. Kata kipande cha manila nyembamba chenye upana wa sentimita 4 na kimo cha sentimita 2. Kilaze mbele yako. Chukua pembe ya juu kushoto, uikunje ishuke hadi katikati ya ukingo wa chini. Ya juu kulia nayo ifuate, zikutane. Umepata pembetatu yenye mfuko upande wa chini. Pitisha kucha juu ya mikunjo ikae. Chomeka kona ya picha kwenye mfuko, mikunjo ikiwa nyuma, fanya hivyo kona zote nne, ndipo upake gundi kidogo kwenye migongo ya hizo pembetatu na kuilaza picha mahali pake. Bonyeza, weka kitabu kizito juu, nenda ukapike. Kesho yake picha imekaa imara, na ukiitaka kwa ajili ya nakala unaichomoa bila kuharibu chochote. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukunja kona hizo mwenyewe.

Tiketi na risiti zina kanuni yao. Kwangua risiti kidogo kwa kucha: ikitoka alama nyeusi, ni karatasi ya joto, ile ile ya mashine za EFD, na maandishi yake yatafifia hadi iwe nyeupe tupu. Itoe fotokopi mapema, ubandike fotokopi. Kanda ya mkononi ya plastiki usiibandike. Itengenezee kimfuko kutokana na bahasha, iingie na kutoka. Kama tiketi ya treni ilikuja kwenye simu, piga picha ya kioo na uichape ndogo.

Rangi na mapambo

Hapa nitapita haraka kwa sababu watu wanapambia kupita kiasi. Chukua rangi mbili kutoka kwenye picha zenyewe, mathalani bluu ya maji na njano ya boya, uzirudie kwenye kichwa cha ukurasa na ukingo mmoja. Inatosha. Karatasi ya kufungia zawadi inang'aa na kurudisha mwanga machoni, tena ni nyembamba, inakunjika ukiipaka gundi. Vipande vya kitenge ni bora mara kumi. Ukipita kwa fundi cherehani pale Mwanga sokoni, vipande vidogo anavitupa. Mwombe vyenye bluu. Kabla ya kukibandika, kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi kwenye kitambaa, kitaiacha na kwenye picha, kifue kwanza au tafuta kingine. Kipige pasi, kata ukanda wa sentimita mbili, kiweke ukingo wa kushoto pekee. Pande zote nne kitageuka fremu ya kioo cha saluni.

Kwa simu unaweza kupiga picha hicho hicho kitenge na kukitumia kama ukingo. Kinapendeza, ingawa mikono ya watoto haitakipapasa.

Maneno

Wengi huandika tarehe na "tulifurahi sana". Linganisha maelezo haya mawili ya picha ile ile ya baada:

"Siku nzuri Kunduchi, Desemba. Tulifurahi sana."

"Kaka alinambia nibane pua. Nilibana pua na macho nikafumba, kwa hiyo sikuona kitu mpaka nilipotua kwenye maji. Nimekunywa kidogo."

La kwanza lingeweza kuwa la mtu yeyote. La pili lina sauti, na miaka kumi ikipita bado utamsikia. Namna ya kulipata: usimpe mtoto kalamu aandike, mpe nafasi asimulie huku wewe unaandika neno kwa neno, bila kumsahihisha Kiswahili chake. Kisha achague sentensi mbili au tatu na kuzinakili mwenyewe kwenye ukurasa. Mwandiko wake uliopinda ni sehemu ya kumbukumbu. Hapa simu inashindwa waziwazi, maana herufi za programu zinamfanya mtoto wa miaka tisa aongee kama tangazo la benki. Kama ni lazima utumie simu, maneno hayo ayaandike kwa mkono, yapigwe picha, yaingizwe.

Nyongeza moja kwa ajili ya watakaokuja: mahali fulani pembeni, kwa herufi ndogo, yaandike majina kamili ya waliomo kwenye picha na uhusiano wao. Leo unajua kwamba yule wa kulia ni mtoto wa mama mdogo. Wajukuu hawatajua.

Na treni je?

Mtu wa Dar akienda Kunduchi, bustani ndiyo safari. Mtoto wa Kigoma amepita kama kilomita 1,250 za reli kufika huko, reli ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Amelala ndani ya behewa, ameona Malagarasi kupitia dirishani, amenunuliwa asali Tabora. Kwa baadhi ya watoto hilo ndilo watakalolisimulia kwa rafiki wa Gungu, na kama jibu ni hilo, basi bustani ya maji iwe picha moja ndogo na treni ichukue ukurasa.

Kama yote mawili yana nguvu, nachagua kurasa mbili zinazotazamana kuliko moja iliyogawanywa. Kushoto treni, kulia mserereko. Zinaunganishwa na mstari mmoja: reli iliyochorwa kwa penseli nyeusi inaingia kutoka ukingo wa kushoto, inapita stesheni chache zenye majina (Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma, Morogoro), inavuka katikati ya kitabu, na upande wa pili inageuka kuwa mserereko. Kazi hiyo kwa mkono ni ya saa moja. Kwa simu inahitaji kutengeneza A3 iliyolala, sentimita 42 kwa 29.7, na si kila steshenari ina printa ya A3, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza kupanga. Ambaye hana uvumilivu wa kurasa mbili aache treni kwa mwaka ujao, haitaondoka mkoani.

Kuhifadhi, na suala la laminesheni

Ukurasa wa mkono uingie kwenye mfuko wa plastiki wa faili. Nusa mfuko kabla ya kununua: ukitoa harufu kali ya kitambaa kipya cha meza cha plastiki, ni PVC, haifai kukaa na picha. Ile isiyo na harufu, inayotoa mlio mkavu ukiikunja, ndiyo ya kuchukua. Faili lisimame kwenye rafu ya ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua na mbali na sakafu, kwa sababu ya mchwa. Wala lisikae kabati moja na gunia la dagaa. Harufu itahamia kwenye karatasi na mende watafuata harufu.

Laminesheni watu wanaipenda kwa kuwa inang'aa. Kwa ukurasa wa mkono nasema hapana. Joto la mashine linaweza kuharibu picha za studio, kitenge na kimfuko vinafanya mapovu, na ukishafunga hufungui tena. Ile nakala ya simu ndiyo ya kulaminisha. Upige picha ukurasa wa manila mchana, mahali penye kivuli cha wazi, simu ikiwa juu yake sawasawa bila kuinama, uichape A4, uilaminishe, umpelekee bibi Kasulu. Yeye ataining'iniza sebuleni karibu na kalenda, na chai ikiimwagikia atafuta kwa pindo la kanga.